Taratibu Hajasema Ndiyo

Jumanne, 3 Machi

Hiki kichwa changu! Leo kimeitikia chenyewe, bila ruhusa yangu, mbele ya darasa zima.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wa bayolojia anafundisha wanyama watambaao, anafika kwa kinyonga, anaanza kumsifia Kanali. Kanali ni kinyonga wake, dume, anamfuga nyumbani na anamzungumzia kama mzazi ambaye mtoto wake kapata kazi benki. Halafu akasema: humu ndani kuna mwenzenu ana jike. Darasa likageuka. Mimi nikajifanya natafuta kalamu chini ya dawati. Aliyemwambia ni Redio, nani mwingine — nakaa naye dawati moja, na anaitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Mwalimu akaniuliza kwa lugha ya shule (ile ya nyumbani ni marufuku darasani): jike wako amekomaa? Yuko tayari kupandishwa?

Jibu lilikuwa: sijui. Lakini "sijui" inataka mdomo. Kuitikia kwa kichwa kunataka shingo tu. Nikaitikia.

Makofi! Mtu wa nyuma akapiga kigelegele. Jumamosi ya wiki ijayo Mwalimu anamleta Kanali kwetu. Anataka vitoto vya kuweka chumba cha sayansi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni saruji, haikupasuka.

Sasa niandike hapa nilichoshindwa kusema kule. Taratibu, huyo kinyonga wangu, simjui umri. Niliachiwa na jirani aliyehama, pamoja na kizimba chake cha wavu na maelezo mafupi: anakula panzi, maji anayataka ya matone. Tangu hapo amekua, ndiyo. Lakini kukua si kukomaa. Nimesoma kwamba jike akipandishwa kabla ya wakati wake, mayai yanaweza kumkwama tumboni. Yakimkwama anakufa. Yaani shingo yangu imesema ndiyo, na atakayelipa ni yeye.

Alhamisi, 5 Machi

Nimejaribu kumweleza Mama. Mama ni fundi cherehani, husikiliza mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli. Nikamwambia nataka kujua kama Taratibu yuko tayari.

"Tayari kwenda wapi?"

Nikasema... kupata dume.

Cherehani ikasimama. Bora isingesimama! Shangazi naye alikuwepo, kaja kuulizia mapazia ya saluni yake anayoshonewa.

"Wifi, umesikia hayo? Mwanao anatafutia watu wachumba, na yeye mwenyewe mtu akibisha hodi anajificha jikoni!"

"Mwache mtoto, wifi."

"Huyu hukumzaa, wifi. Ulimnong'ona."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Shangazi akaja mlangoni kwangu kutoa hukumu. Ndani haingii, anaogopa. Baba pia hupita mlango wangu kwa ubavu kama mtu anayepita mbwa. Shangazi akanyoosha shingo, akakunja uso, akasema huyo kaiva, angalia nyonga zake.

Nikamwambia kinyonga hana nyonga.

"Basi macho! Moja huku, moja kule. Mwanamke akianza kuangalia huku na kule ujue."

Taratibu anaangalia huku na kule tangu atoke kwenye yai. Hilo nilisema moyoni. Mdomoni nikasema: ndiyo, Shangazi.

Kila mtu mtaalamu! Wakati dalili zenyewe zinajulikana. Jike asiye tayari hubaki na rangi yake ya mchanga, na akimwona dume anageuka mweusi, anafungua mdomo, anayumba mbele na nyuma, anafoka. Aliye tayari anakuwa mwangavu, chungwa hafifu lenye uwaridi ndani yake, na dume akimkaribia anaendelea na mambo yake kwa utulivu. Katika lugha ya shule haya yote yana neno moja, safi, halimwaibishi mtu. Katika lugha ya nyumbani nikiyasema Shangazi anaanguka kwenye kiti.

Halafu Mama, bila kuniuliza, kaja kutundika mapazia ya saluni kwenye dirisha langu. Eti ndilo dirisha refu peke yake nyumba nzima, mikunjo itanyooka. Rangi ya chungwa. Si chungwa la kawaida — chungwa linalopiga kelele. Ndiyo rangi aliyoitaka Shangazi, nani wa kushangaa.

Jumamosi, 7 Machi

Amebadilika!!

Nimeamka, jua limeshatoka, natazama kizimbani — Taratibu ni wa chungwa hafifu. Uwaridi upo. Kuanzia shingoni mpaka kwenye mkia. Nikakaa kitandani nikimwangalia kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani ubaoni na hataki kuyaamini mapema.

Redio alikuja mchana kuazima kitabu (hasomi, alikuja kuchungulia). Kabla sijamzuia, simu imeshatoka. Picha kwenye grupu la darasa. Maneno chini yake: BIBI HARUSI. Mwalimu yumo kwenye grupu! Akajibu kwa sauti, Redio akaicheza mara kwa mara mpaka Mama akaisikia kule kwenye cherehani: rangi ni ile ile yenyewe, hongera, Kanali anakata kucha.

Nikacheka. Kusema kweli nilifurahi. Shingo yangu haikukosea, basi. Ilijua kabla yangu.

Ila hajala. Panzi anamtembelea mbele ya pua na yeye anamtazama tu.

"Mapenzi hayo," akasema Redio. "Dada yangu alikuwa hivyo hivyo."

Dada yake alikuwa na malaria. Nakumbuka vizuri.

Jumapili, 8 Machi

Simwelewi.

Amehama matawi. Taratibu ambaye hutumia asubuhi nzima kuhama jani moja kwenda jingine, leo anatembea sakafuni mwa kizimba, pembe hadi pembe, anapanda wavu, anashuka. Redio, nilipomwambia kwa simu: anamtafuta bwana harusi. Hana jibu lingine.

Nikafanya jaribio. Nimesoma kwamba ukikosa dume, kioo kinasaidia kidogo: mwonyeshe kwa mbali uone atapokeaje. Nikachukua kioo cha Mama cha kupimia nguo, nikakisimamisha. Akasimama. Jicho moja kioo, jicho moja mimi. Halafu akafungua mdomo wote, ndani yote ikaonekana, akaanza kuyumba, akatoa sauti kama tairi linaloachia upepo.

Nikaondoa kioo haraka.

Kwa hiyo rangi inasema karibu na mdomo unasema toka. Nimwamini nani? Kama ni mimi, mtu angeangalia rangi ya uso wangu au angengoja nifungue mdomo? Angengoja mpaka achoke.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepanga tangu nyumbani. Njiani nimeirudia sentensi. Baada ya kipindi nimemfuata Mwalimu mpaka mlango wa chumba cha walimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Ehe, mama mkwe! Bibi harusi wetu hajambo?"

Walimu wawili wakageuka. Nikasema, kwa lugha ya shule, kwamba jana alifungua mdomo. Mwalimu akafurahi! Akaanza somo zima papo hapo, amebeba madaftari kifuani: majike huwa na wasiwasi mara ya kwanza, kioo si dume, kioo hakina harufu, tusubiri Jumamosi, sayansi ni subira. Kila alipopumua nilikuwa na nafasi ya kuingiza neno. Nafasi zilipita kama watu wanaonijua na mimi nimejifanya siwaoni.

Nikasema: sawa Mwalimu, ahsante Mwalimu.

Ahsante ya nini?! Kama kuna mtu anapewa tuzo kwa kusema sawa, anitumie nyumbani.

Jumatano, 11 Machi

PAZIA!

Nimetoka shule, nimefungua mlango wa chumba. Dirisha tupu. Shangazi kaja kuchukua mapazia yake. Na Taratibu kwenye tawi lake — kahawia. Kahawia iliyokolea, na madoa meusi ubavuni. Uwaridi hata wa dawa haupo.

Kwanza nikadhani anaumwa. Halafu nikatazama ukuta. Ukuta wangu ni mweupe! Wiki nzima ulikuwa na rangi ya chungwa, na blauzi yangu ya shule, na mto, na mikono yangu mwenyewe, na mimi sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho kinyonga. Jua lilipita kwenye kitambaa cha saluni ya Shangazi likapaka kila kitu. Redio alipiga picha ya pazia. Mwalimu alilisifia pazia. Kanali anakata kucha kwa ajili ya pazia!

Nikamwambia Mama. Akacheka kwanza, halafu akanitazama, akaacha.

"Mwambie basi mwalimu wako."

"Nitamwambia."

"Kesho."

"Kesho, Mama."

"Kwa mdomo. Si kwa kichwa."

Alijuaje habari ya kichwa? Redio! Redio anarusha matangazo mpaka kwetu!

Alhamisi, 12 Machi

Nimesema. Mungu ni shahidi, nimesema, na ingekuwa heri nisingesema.

Kipindi cha bayolojia, Mwalimu akauliza kama kuna swali. Nikanyoosha mkono. Redio aliguna kwa mshtuko, maana mkono wangu haujawahi kuonekana juu. Nikasimama, nikasema kwa lugha ya shule: Mwalimu, ile rangi kwenye picha ilikuwa ya pazia.

Mwalimu akatabasamu lile tabasamu lake la huruma. Akaligeukia darasa. Akasema nimeleta jambo zuri sana, kwa sababu hii ndiyo imani potofu ya mitaani inayotakiwa kuondolewa na elimu. Kinyonga HAFANANI na pazia! Kinyonga habadiliki kufuata kitu kilicho karibu naye! Hubadilika kwa joto, kwa hofu, kwa hali yake ya ndani. Akachora. Akapiga mstari chini ya neno.

Lakini mimi najua hayo! Nimeyajua kabla yake! Sikusema kinyonga kafuata pazia, nilitaka kusema MWANGA — basi, maneno mawili tu, mwanga, dirisha, nilikuwa nayo mdomoni katika lugha zote mbili, na lugha zote mbili zikanikimbia kwa mpigo. Nikakaa. Wa nyuma wakaanza: "Pazia! Pazia!" Nadhani hilo sasa ndilo jina langu.

Wakati wa mapumziko Redio akaniambia nimejitahidi. Halafu akaniuliza kwa upole: kweli wewe bado unaamini kinyonga anafuata rangi ya pazia?

Hata yeye!

Ijumaa, 13 Machi

Leo sina hasira, sina hata muda wa hasira.

Asubuhi Taratibu alikuwa chini kabisa, pembeni, anakwangua sakafu ya kizimba kwa miguu ya mbele. Sakafu ni plastiki. Anakwangua, anapumzika, anakwangua. Hajala tena. Nikamshika — alikuwa mzito mkononi, na tumbo lake limejaa vinundu kama mfuko wa gololi.

Nikapiga simu. Mimi. Kwa mtu nisiyemjua. Namba ya daktari wa mifugo iko kwenye kalenda yetu ya ukutani, nikabonyeza haraka kabla shingo haijaingilia. Akasema binti, mimi ni wa ng'ombe na kuku, kinyonga hata sijui namshika wapi, nikimwona nyumbani kwangu nahama. Nikamweleza vile vinundu. Akauliza kakutana na dume? Nikasema hapana. Akasema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe: kuku wetu wa mayai si wanataga tu bila jogoo?

Nikabaki nimeshika simu.

Wiki mbili tumegombania kama yuko tayari au bado! Shangazi na nyonga zake, Mwalimu na rangi yake, Redio na bibi harusi, mimi na kioo. Hakuna aliyeuliza kama labda mwenyewe ameshapita hapo. Kajaza mayai peke yake. Matupu, hayatatoa mtoto, lakini ni mayai, na lazima yatoke. Kutokula, kutembea sakafuni, kuchukia kioo, weusi, vyote vilikuwa vinasema hilo hilo moja na sisi tunapiga picha.

Nimerudi kusoma. Anataka mchanga, wenye unyevu, wa kina, achimbe handaki atagie humo. Na anataka kuwa peke yake. Hili limeandikwa kila mahali: akimwona mtu anamtazama, anaacha shimo. Akiacha mara nyingi, hachimbi tena. Yanabaki ndani.

Mama ndiye aliyekwenda kuomba mchanga kwa mafundi wanaojenga jirani. Mama, ambaye tangu Taratibu aje hajawahi kumtaja kwa jina! Karudi na ndoo kichwani, nguo imejaa vumbi, kauliza: unatosha huu wa mgonjwa wako? Tukaumimina kwenye beseni kubwa la kufulia, tukaunyunyizia maji. Mama akaufinya kiganjani kama anapima unga. Akaongeza maji kidogo. Akaufinya tena, akaitikia.

Kwa Mwalimu niliandika ujumbe. Nikaufuta. Nikaandika mwingine mrefu, na mwanga, na dirisha, na kuku. Nikausoma, nikaona aibu, nikaufuta. Yeye ndiye aliyeandika: kesho saa nne kamili, Kanali yuko fiti.

Sikujibu. Najijua, na ukweli nitakwambia, daftari: nilitumaini mvua inyeshe.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Mlango nimeufunga kwa ndani. Nje wako wote.

Mvua haikunyesha. Taratibu ameingia kwenye beseni tuliloliweka ndani ya kizimba, asubuhi, baada tu ya chai. Akakwangua kidogo, akahama. Akakwangua pembe nyingine. Akaanza kuchimba kweli, mchanga unaruka nyuma. Nikajibanza huku mlangoni, sipumui. Kichwa kimeingia, mabega yameingia. Halafu: hodi hodi! Sauti ya Mwalimu, na Redio nyuma yake anacheka.

Nimewasikia wakija na korido.

"Karibu Mwalimu, chumba ni hicho, ila —" Mama.

"Huyo ndiye bwana harusi? Mbona ana macho makali hivyo? Mshike vizuri baba, asinirukie!" Shangazi. Naye kaja! Saluni kafunga!

"Harukii mtu, mama. Kanali ni mpole." Na kitasa kikageuka.

Sikufikiri. Ningefikiri ningesema sawa. Nikaweka mgongo mlangoni na nikasema — kwa lugha ya nyumbani, kwa mwalimu, kwa sauti ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi:

"Hapana! Haingii mtu!"

Kitasa kikarudi mahali pake.

"Ni yeye huyo?" Shangazi, kwa kunong'ona. Shangazi ananong'ona!

"Pazia, fungua bwana, ni sisi," akasema Redio.

"Nyamaza na wewe," Mama akamwambia.

Mwalimu akaniita kwa jina langu lote, la kwenye rejista. Akaanza kwa lugha ya shule, akaacha katikati. Akauliza kwa lugha ya nyumbani, karibu na tundu la ufunguo: kuna nini humo ndani? Nikamwambia. Kwamba ana mayai yake mwenyewe, hayana dume. Kwamba anachimba sasa hivi. Kwamba ile rangi ilikuwa mwanga, Mwalimu, mwanga uliopita kwenye pazia dirishani, sikusema kinyonga kafuata pazia, sikusema hivyo, hukunisikiliza. Nikashtuka nilipojisikia. Nikangoja anikemee.

"Mwanga," akasema. Halafu: "Hajala tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile."

"Tumbo likoje?"

"Lina vinundu."

Nikamsikia akivuta pumzi. Akamwambia Redio apeleke boksi la Kanali nje, mbali, kabisa. Akauliza kina cha mchanga, unyevu wake. Mama akajibu la unyevu, kwa fahari, kama ni mtihani wake. Mwalimu akasema vizuri, vizuri sana. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, swali ambalo sikulitarajia:

"Na wewe uko wapi?"

Nikasema niko mlangoni. Ndani.

"Anakuona?"

Nimegeuza kichwa kwenye beseni ndipo nimeona. Taratibu ametoka shimoni. Mchanga puani. Shimo limebaki nusu, lime— si shimo tena, ni kikombe. Hachimbi. Jicho moja liko kwenye wavu. Jingine liko kwangu. Halihami.

Huyo "mtu" aliyeandikwa kila mahali ni mimi. Nimewazuia wote nikabaki mwenyewe.

Dirisha lina nondo. Hakuna njia nyingine ya kutokea isipokuwa hii. Na huko nje ni kusimama koridoni, katikati yao, Shangazi, Mwalimu, Redio na simu yake, nimetoka kuwapigia kelele wote, wananitazama, na kusema tena, bila mlango wa kujificha nyuma yake, kwamba mtu asiingie, asichungulie, asicheke, leo mchana kutwa. Wao hawatafunga midomo wenyewe. Itabidi niwafunge mimi.

Uso unawaka. Nahisi mpaka masikioni.

Bado ananitazama.

"Mwanangu?" Mama.

Nakuja, Mama. Rudini nyuma kidogo. Msiseme kitu. Naweka kalamu, nafungua.